Mlango Uliotujibia Hodi

Nilikamatwa nimelala barazani sokoni. Mahakama ya Msaada haikunifunga. Ilinipa chumba, kitanda na mlango unaosema. Nikashukuru.

Jana asubuhi binti yangu Chausiku, aliyefukuzwa alikopanga, alikuja na mtoto mgongoni.

"Hodi, mama!"

Kabla sijamkaribisha, mlango ukajibu: "Huyu hana kesi. Haingii."

Tangu lini mlango ukamjibia mwenye nyumba hodi? Nikampigia simu hakimu wa Mahakama hiyo.

"Bibi, akamatwe kwanza, ndipo tumsaidie."

"Mwanangu sikumlea atende makosa!"

"Basi tumsaidieje, bibi?"

Mvua ikaanza, mtoto akakohoa. Mimi niliyemchapa Chausiku kwa kuchukua kalamu ya mwenzake, nikamwonyesha duka la jirani kupitia dirisha.

"Okota jiwe," nikamwambia. "Vunja kioo, na usikimbie."