Neno Moja kwa Shemeji

Dalali aligeuza uso akatazama ukuta, kisha kidole gumba kikabonyeza "tuma tena". Alikuwa peke yake kwenye sebule ya nyumba tupu, akimsubiri mteja aliyechelewa, na bado aliona haya kana kwamba mtaa mzima unamchungulia dirishani.

Ilikuwa mara ya tatu kumtumia shemeji yake barua pepe ileile.

Nyumbani walimwita Redio, kwa kuwa hazimi. Mdomo ndio uliomlisha. Nyumba inayovuja, akiisifu yeye, mteja huona bahati kuwa na maji karibu. Ila jioni moja, mezani kwa dada yake, mdomo huohuo ulimponza. Shemeji, fundi miwani, mtu mpole mwenye kigugumizi, alikuwa amesimama kuwakaribisha wageni waliotoka kazini kwa mkewe. Neno likamkwama. Redio akalidaka, akamwigiza: "Ka-ka-ka-karibuni," macho akiyapepesa vilevile kama mwenyewe.

Meza nzima ikaangua kicheko. Shemeji akatabasamu kidogo, akaweka kijiko chini, akainuka, akaingia chumbani. Hakurudi.

Aliyemfokea ni dada yake, kesho yake.

"Mume wangu anakuheshimu kuliko hata ndugu zake wa kuzaliwa," alimwambia. "Mwandikie. Ukimpigia hatapokea, unajua simu zinavyomtesa. Na usimtungie risala. Neno moja tu, nisamehe, basi. Porojo ndizo zimekufikisha hapa."

Redio akatii. Aliandika akiwa amesimama kwenye ngazi za nyumba nyingine ya kupangisha, jasho likimtoka kuliko siku aliyokwenda kuposa. Simu yake ilikuwa na tabia ya kummalizia maneno, naye aliipenda kwa hilo: kutwa nzima wateja humtaka radhi kwa kuchelewa, na yeye huwajibu kuwa amewasamehe, kwa kugusa mara moja tu. Akaandika "Shemeji", akaanza lile neno, likajimalizia lenyewe, akatuma haraka kabla hajaghairi. Hakulisoma. Kujiona anaomba msamaha, yeye mtani wa ukoo mzima, kulimshinda.

Wiki ikapita kimya. Akatuma tena, hivyohivyo, bila kuifungua. Kimya. Akaanza kuukwepa mtaa wa dada yake, na hata vichekesho vikamkauka. Mteja mmoja alimuuliza kama anaumwa. Akajibu kuwa ni meno. Ukweli ni kwamba kila alipofumba macho alikiona kile kijiko kikiwekwa chini, taratibu, bila kelele. Alikuwa amemvunjia heshima mtu ambaye hakuwahi kumtolea neno baya, tena mbele ya wageni wake, na alikuwa radhi kupiga magoti kama angepewa nafasi.

Mwishowe akampigia dada yake.

"Amezipata?"

"Amezipata. Tangu azipate hatulii. Anakaa na miwani ya watu mkononi, haisafishi wala haiweki chini. Jana kaniuliza kama kuna jambo ninamficha."

"Basi hajanisamehe."

"Mpe muda. Au mtumie tena, ajue hutanii."

Ndiyo hiyo ya tatu sasa. Mteja hakuwa amefika bado simu ilipotetemeka, na jina la shemeji likatokea kwenye kioo. Dalali akakaa chini kwenye vigae, suruali yake ya kazi ikajaa vumbi, akafungua.

"Shemeji, niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua zako zote nimezisoma, ila kila nikitaka kuandika nilikosa la kusema, maana kosa langu nilikuwa silijui. Nimewaza sana. Kama ni kule kuinuka mezani siku ile bila kuaga, kweli nilikosa adabu. Nashukuru umenisamehe."