Bega la Mdalasini

Mwanaidi alipaka mistari miwili ukutani sebuleni, mmoja rangi ya asali, wa pili ya mdalasini, kisha akarudi nyuma kuilinganisha.

"Chukua ya asali," alisema mumewe, Hamdani, bila hata kuinua macho. "Taa ikiwashwa inatulia vizuri. Ila upande wa dirishani hupauka upesi."

Mwanaidi aligeuka. Hamdani alikuwa muuza vitambaa, brashi hajapata kuishika, na kuta za nyumba yao zilikuwa nyeupe tangu wahamie.

"Umejuaje, Baba Rukia?"

"Mwenye duka la rangi kaniambia."

Mwanaidi aliinamia kopo la rangi ya asali. Asubuhi Hamdani alikuwa amemletea kama jipya, lakini lilikuwa nusu tu, na ukingoni imegandia rangi iliyokauka zamani. Nusu nyingine ilikuwa ukutani kwa nani? Alichovya brashi kwenye ya mdalasini, akaupaka mwimo wa mlango kuanzia juu hadi chini, polepole, kama anayempaka bibi harusi hina.

Hamdani aliingia chumbani, akatoka amevaa shati jeupe, ananukia udi. "Napita dukani kupokea mzigo."

Aliegemea mwimo kuvaa viatu, kama afanyavyo siku zote. Mwanaidi alimtazama, asimwonye.

"Haya, wasalimie."

Alisogea dirishani. Kwenye kona, njia ya dukani ilikata kulia. Lile bega lenye mstari mpana wa mdalasini likakata kushoto, bila haraka, kama linalorudi nyumbani.