Marando ya Wifi

Mwanaheri alifika na kikapu kitupu. Ukame ulikuwa umemaliza viazi vitamu vya mji mzima, isipokuwa tuta moja nyuma ya bafu la Siwatu, lililokuwa likinywa maji ya kuogea.

"Wifi, nigawie marando nikapande. Hata fungu moja."

Siwatu alimtazama. Mumewe alipofariki, kabla arobaini haijaisha, wifi huyuhuyu aling'oa matuta yote ya Siwatu, akawalisha mbuzi.

"Kaa, wifi. Umetoka mbali."

Akang'oa tuta zima, hakujibakizia hata mzizi. Viazi akavichemsha. Marando akayakatakata yote, majani na vikonyo, akayaunga kwa nazi mpaka yakalainika, akapakua sahani ikafurika.

"Marando yako hayo. Kula ushibe."

Mwanaheri alikula ameinamisha uso, machozi yakimdondokea sahanini. Hakubakiza kitu. Alipoinuka kuaga, Siwatu aliona pindo la kanga yake limefungwa fundo, na ncha ya rando bichi, lililoponyoka kisu, inachungulia.

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Siwatu.

"Wifi," akaita.

Mwanaheri akasimama mlangoni bila kugeuka, fundo kalikumbatia kwa mikono miwili.