Somo la Wakati Uliopita

Siku mama yake alipozikwa, Mwanahawa alikuwa ughaibuni, alikokwenda kusoma. Alasiri alikwenda kwenye kibarua chake cha kumfundisha Kiswahili Bibi Marta, mjane aliyetaka kuzungumza na mke wa mwanawe. Hakumwambia habari za msiba. Akaandika daftarini: Mama anapika.

"Iweke katika wakati uliopita, bibi."

"Mama alipika," akasoma Bibi Marta. "Kwa hiyo sasa hapiki tena?"

Mwanahawa akainamia daftari. Machozi yakadondokea wino.

Bibi Marta akamtazama, akitafuta neno katika yale machache aliyojifunza.

"Pole, mwalimu," akasema mwishowe, akaufunika kwa kiganja chake mkono uliokuwa bado umeshika kalamu.