Meli Iliyokaa Mlangoni mwa Bandari

Kalamu nyekundu ya mkuu wa Elinaja ilikuwa imekata maelezo yote kwenye kadi ya meli, na pembeni mkuu alikuwa ameandika: "Haikupigana hata siku moja. Iondoke."

Elinaja aliitazama meli yenyewe ndani ya kabati la kioo, mfano wa urefu wa mkono: manowari ya Kihispania ya karne ya kumi na tisa, iliyovikwa mabamba ya chuma ili kulinda pwani. Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa kesho asubuhi.

"Usinikasirikie, dadangu," mkuu akasema. Alikuwa Mkenya, mtu pekee wa kuzungumza naye Kiswahili katika makumbusho yale ya London. "Miaka kumi na minne ilikaa tu bandarini. Watu wanataka mizinga na moshi."

Kabla ya kazi hii, Elinaja alikuwa amehudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza huko Lewisham, kusini mwa London, kwa miaka tisa. Kila mwisho wa zamu aliandika daftarini: hakuna tukio. Nani aliyejua ni mara ngapi alikuwa amemdaka mzee akianguka kwenye ngazi ili maneno hayo mawili yaandikike?

"Adui walikuja mara mbili," alisema. "Nimesoma kumbukumbu zote za meli hii. Wakaiona, wakageuka wakarudi."

Alichukua kadi mpya, akaandika kwa mkono wake, akaikandamiza kwenye kioo kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.

*Ilisimama mlangoni miaka kumi na minne. Hakuna aliyepita.*

"Haya, kata," akamwambia mkuu, akasimama mbele ya kabati.