Mstari wa Kuchekea

Bi Verna Combs alifika kwenye mstari wa kuchekea katika kiapo chake, akanyamaza.

Watu walikuwa wameshacheka. Jimbo zima la Kentucky huucheka mstari huo. Anayepewa kazi ya umma, awe gavana au mpima ardhi wa kaunti, hushika Biblia na kuapa kwamba hajapata kupigana pambano la wawili kwa silaha ya kuua, wala kumwita mtu kwenye pambano hilo, wala kuitwa akakubali. Sheria yenyewe ni ya enzi za mababu, waliokuwa wakitwangana risasi kwa kukanyagana viatu. Siku hizi mtu huusoma huku anatabasamu, ukumbi unakohoa kwa kicheko, kisha wote wanateremka kwenda kula.

Chini, maharage na mkate wa mahindi vilikuwa vinapoa.

"Rudia baada yangu, Bi Verna," alisema Jaji Estill Hensley. "'Sijapata kupigana...'"

Bi Verna aliitazama Biblia ya mama yake. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, muumini wa kanisa dogo la kule bondeni, ambako uongo ni uongo, hakuna wa kutaniana. Mara mbili aligombea ukuu wa jela wa Kaunti ya Tolliver, na mara zote mbili Ottis Stamper alimbwaga. Safari hii alikuwa amemshinda kwa kura chache.

Jela yenyewe haikuwapo. Ilifungwa zamani, na vyumbani mwake sasa huhifadhiwa taa za Krismasi. Kazi ya mkuu wa jela ni kuwapeleka walevi jela ya kaunti ya jirani kwa gari. Lakini Ottis alikuwa akiwatukana njia nzima, na mmoja wa walevi hao alikuwa mtoto wa Bi Verna. Mama akaapa moyoni kwamba gari lile siku moja ataliendesha yeye, na ndani yake kutakuwa na blanketi na kahawa ya moto.

"Huo mstari upite tu kama unavyokipita kinyesi cha ng'ombe," jaji alimnong'oneza. "Kila mtu anaupita."

"Na wewe?"

"Nimeupita mara nne." Jaji alijiweka sawa juu ya mto wake wa manyoya. Hakuna aliyewahi kumwona akikalia kiti kitupu. Nyumbu wa kulimia wa baba yake alimpiga teke ujanani, ndivyo alivyosimulia mwenyewe, ingawa nyumbu huyo mwaka huu alikuwa mweusi na mwaka jana alikuwa wa kijivu.

Bi Verna alivuta pumzi. "Siwezi kulisema hilo na Biblia ya mama iko mkononi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mimi nilipigana."

Kicheko kilikatika. Ottis Stamper, aliyekuwa amenuna kwenye safu ya mbele tangu asubuhi, aliinuka na uso wa mtu aliyeokota noti njiani.

"Mmesikia wenyewe. Asipoapa, kazi inabaki kwangu."

"Kaa chini, Ottis," alisema jaji.

"Kukaa ndiyo kazi anayoijua," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

Basi Bi Verna akaeleza. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Kijana mmoja alisema mbwa wa Verna ni mwoga, nje ya kanisa, mbele za watu. Kwa watu wa milima hii, mume wa mtu unaweza kumsema na dunia ikaendelea, lakini mbwa wake wa kuwinda umwache. Verna akamwita kijana yule wapambane nyuma ya banda la tumbaku, kulipopambazuka. Walipeana migongo, kila mmoja na bunduki yake, wakakubaliana wahesabu hatua kumi ndipo wageuke.

"Ikawaje?" aliuliza mchungaji, ambaye hakupaswa kuuliza.

"Mimi nilihesabu. Mwenzangu alipofika saba akaanza kukimbia. Nikageuka, nikafyatua. Hakufa, Mungu ni mwema. Ila mbio aliziongeza."

"Mtaje!" Ottis alidakia. "Kama naye ana kazi ya umma, aiache leo hii."

Jaji aligonga nyundo mezani mpaka glasi ya maji ikaruka.

"Jina halina haja hapa. Sheria inasema silaha ya kuua. Bunduki ya kuwindia kindi, yenye vipunje vya risasi kama mbegu za figili, si silaha ya kuua. Mtu anatolewa vipunje hivyo kwa kibano, juu ya meza ya jikoni, mama yake akimsomea zaburi. Analala kifudifudi wiki mbili, anapona. Huo ndio uamuzi wangu."

Bi Verna alikuwa hajataja kindi, wala meza ya jikoni.

"Una hakika, mheshimiwa? Sitaki kumdanganya Mungu kwa ajili ya kazi."

"Nina hakika kuliko mtu yeyote aliyemo humu ndani."

Bi Verna alirudisha mkono juu ya Biblia, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Basi nitaapa, Estill," alisema. "Kama wewe uliyeukalia huo mto tangu asubuhi ile unasema haiui, mimi ni nani nibishe? Ila kwanza mwombe radhi marehemu mbwa wangu."