Radhi za Mwenye Ndiva

Mzee Abdulrahmani alikuwa anakufa vizuri sana. Alikoroma, akatetemeka, akageuza macho mpaka yakabaki meupe, na watu waliojazana chumbani wakanong'onezana, "Maskini, huyu Ijumaa haioni."

Uongo mtupu. Mzee alikuwa mzima kuliko wao wote.

Yeye ndiye aliyeishika ndiva, bwawa la mababu linalomwagilia kijiji kizima, huku milimani juu ya Same. Akikupenda, unapata maji. Akikununia, mahindi yako utawalisha mbuzi. Kiangazi hiki mtu akavunja kufuli la lango, maji yakashuka mpaka mashamba ya chini, yale yale aliyoyanyima. Mzee akaapa kwamba aliyefanya hivyo atahama kijiji, yeye na ukoo wake. Akalifunga lango, asipate mtu hata tone, mpaka mwenye kosa ajulikane. Wapi! Hakuna aliyefungua mdomo. Maji yakaoza bwawani, yakaota utando wa kijani, huku migomba ikinyauka na watoto wakiharisha kwa kunywa maji ya madimbwi.

Ndipo alipojilaza kitandani. Desturi aliijua: mtu akiwa mahututi, watu huja kumwomba radhi, asije akaondoka na kinyongo. Na nani atamficha kitu mtu wa kufa?

Chande, jirani yake, alipiga magoti kando ya kitanda. "Mzee wangu, nisamehe. Nilikusengenya kwamba una roho mbaya."

"Nime... kusamehe," mzee alikoroma, na moyoni akaapa kumnyima maji mpaka masika.

Akafuata Bi Ziada. "Mimi niliomba dua ufe, baba. Nisamehe, sikujua itapokelewa."

Naye akasamehewa vivyo hivyo. Lakini habari ya kufuli hakuna aliyeigusa. Wakamsomea Yasini, wakalia kidogo, wengine kwa kujikamua, wakaenda zao. Mzee alikuwa na hasira hiyo, basi tu.

Akabaki mkewe, Mwanahalima. Alimwinua kichwa, akaanza kumnywesha uji.

"Tangawizi imezidi," mzee alilalamika.

"Inaondoa baridi. Malizia, Baba Fadhila." Alimfuta kidevu. "Na mimi nina langu, unisamehe. Kufuli nililivunja mimi. Shamba la mama lilikuwa linakauka. Nilikuomba maji, ukanicheka."

Lo! Mzee alirusha blanketi, akakaa kitako kama kijana. "Kumbe nyoka nalala naye! Nimekunasa leo! Kesho nakupa talaka mbele ya kijiji kizima, na huyo mama yako atateremka mlima huu kwa miguu yake, afie huko Makanya kwenye vumbi!"

Alitaka kusimama. Tumbo likamkata, akarudi chini akilikumbatia godoro.

Mwanahalima hakushtuka. Alichungulia bakuli, akaona limeisha, akamrudishia blanketi mpaka shingoni.

"Lala, Baba Fadhila," alisema. "Kwamba huumwi nimejua tangu siku ya kwanza. Ila kijiji kizima kimekuona ukikata roho, na Yasini wameshakusomea. Nani ataniuliza?"